Bakteria wa Utumbo na Ugonjwa wa IBS: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi wenye IBS (kifupi cha Kiingereza cha irritable bowel syndrome, yaani utumbo wenye hisia kali) wamezunguka zahanati na maabara kwa miaka, wakapewa dawa za amiba, za taifodi na za vidonda vya tumbo, kisha wakaambiwa kwamba hawana kitu. Katika miaka ishirini hivi iliyopita, sehemu kubwa ya utafiti wa ugonjwa huu imehamia kwa bakteria wanaoishi ndani ya utumbo, na habari zake zimeenea haraka kuliko ushahidi wenyewe. Majibu yafuatayo yanaeleza ni lipi limethibitishwa, ni lipi bado linachunguzwa, na ni lipi linauzwa kabla ya wakati wake.

IBS ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa muda mrefu ambao utumbo unafanya kazi vibaya na unahisi maumivu kupita kiasi, ingawa ukitazamwa kwa kamera hauonyeshi kidonda wala uvimbe. Wagonjwa husema tumbo linasokota, linajaa gesi na kuunguruma, kisha ama wanaharisha, ama wanapata choo kigumu kama cha mbuzi, ama hali hizo mbili zinapokezana. Baadhi ya wazee wa pwani huliita tatizo la namna hii chango, ingawa neno hilo hubeba magonjwa mengine mengi.

Kwa mujibu wa vigezo vya Roma (masharti ya kimataifa ya kutambua magonjwa ya namna hii) vya mwaka 2016, ambavyo ndivyo watafiti wengi wanavitumia, mtu anahesabiwa kuwa na IBS akiwa ameumwa tumbo kwa wastani wa angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, na maumivu hayo yakaambatana na angalau mambo mawili kati ya haya: yanahusiana na kwenda haja kubwa, idadi ya mara za kwenda chooni imebadilika, au umbo la choo limebadilika. Dalili zinapaswa kuwa zilianza angalau miezi sita kabla. Vigezo hivi vina uzito wake, kwa sababu vinamwezesha daktari kuutambua ugonjwa kwa kile alichonacho mgonjwa, bila kusubiri kuondoa kila ugonjwa mwingine duniani.

Vipimo vyangu vyote ni safi. Je, maumivu haya ni mawazo tu?

Hapana. Kipimo kuwa safi maana yake ni kwamba kile kilichotafutwa hakikuonekana, na vipimo vya kawaida havikutengenezwa kupima jinsi neva za utumbo zinavyohisi. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa jeni uliohusisha zaidi ya watu 53,000 wenye IBS, na ukabaini maeneo sita ya urithi yanayohusiana na ugonjwa huu. Baadhi ya maeneo hayo yanahusiana pia na wasiwasi na sonona. Watafiti walieleza kwamba ugonjwa wa tumbo na matatizo hayo ya akili yanaweza kuwa na mizizi ya pamoja, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kusema kwamba wasiwasi ndio unaoleta IBS. Msongo wa mawazo unaweza kuzidisha dalili, kama unavyozidisha pumu, lakini hakuna anayemwambia mwenye pumu kwamba kifua chake ni cha kubuni.

Ndani ya utumbo kuna bakteria wangapi, na wanafanya kazi gani?

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 na kundi la Ron Milo wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli ilikadiria kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38 na seli za binadamu zipatazo trilioni 30. Kauli ya zamani kwamba bakteria ni mara kumi ya seli zetu haikuwa na msingi. Bakteria hao wote wana uzito wa gramu 200 hivi, na wengi mno kati yao wamo katika utumbo mpana. Huko wanachachusha nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya wenyewe, wanatengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo, wanabadilisha kemikali za nyongo, na wanaifundisha kinga ya mwili kutofautisha rafiki na adui.

Watafiti walianzaje kushuku kwamba bakteria wanahusika?

Walianza kwa kuwasikiliza wagonjwa. Kwa miongo mingi madaktari walisikia maelezo yaleyale: tumbo lilikuwa zima hadi siku nilipoharisha vibaya, na tangu hapo halijatulia. Ushahidi mzito ulipatikana katika tukio la huzuni. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi katika kisima cha maji ya mji, na maji hayo hayakutiwa klorini ya kutosha. Watu wapatao 2,300 waliugua kwa kuambukizwa bakteria wa kuhara, E. coli na Campylobacter, na saba walikufa.

Watafiti waliwafuatilia wakazi wa Walkerton kwa miaka. Miaka miwili hadi mitatu baadaye, asilimia 36.2 ya waliougua kwa dalili zilizothibitishwa walikuwa na IBS, wakati miongoni mwa wakazi ambao hawakuugua walikuwa asilimia 10.1. Miaka minane baada ya tukio, pengo lilikuwa limepungua bila kufutika: asilimia 15.4 kwa walioathirika na asilimia 5.4 kwa wengine. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 45, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya kumi hupata IBS baada ya maambukizi ya utumbo, na kwamba hatari ni kubwa zaidi kwa wanawake, kwa waliotumia antibayotiki wakati wa ugonjwa, na kwa waliokuwa na wasiwasi au sonona. Maambukizi ya vimelea jamii ya protozoa, kundi lenye amiba na giadia, yalionekana kuacha IBS mara nyingi zaidi kuliko yale ya bakteria.

Kwetu sisi tunaoishi na kipindupindu, amiba na maji ya visima vifupi, matokeo hayo yanatuhusu sana. Mtoto au mtu mzima anayepona kuhara huenda hajapona kabisa, na maji safi yanaweza kuwa kinga ya IBS kama yalivyo kinga ya kipindupindu.

Je, amepatikana bakteria mmoja anayesababisha IBS?

Hajapatikana, na dalili zilizopo zinaonyesha kwamba huenda hayupo. Mapitio ya tafiti 24, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalikuta kwamba watu wenye IBS kwa ujumla wana bifidobakteria wachache zaidi na Faecalibacterium wachache zaidi, makundi yanayohesabiwa kuwa ya bakteria wazuri, na wana wingi wa baadhi ya bakteria wa jamii ya E. coli. Hata hivyo, tafiti hazikukubaliana katika kila jambo.

Sababu za kutokubaliana zinaeleweka. Mwenye kuharisha na mwenye kufunga choo wanawekwa kundi moja ilhali matumbo yao yanaenda kwa kasi tofauti, na kasi yenyewe hubadilisha bakteria. Mgonjwa aliyeacha maharage na maziwa kwa sababu ya maumivu atakuwa na bakteria tofauti kutokana na chakula, si kutokana na ugonjwa. Tena, sampuli moja ya kinyesi ni picha ya siku moja tu. Watafiti wa Mayo Clinic na Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani walionyesha mwaka 2020, kwa kuchukua sampuli kila mwezi kwa miezi sita, kwamba bakteria wa wenye IBS huyumba zaidi kadiri muda unavyopita, na kwamba kipimo kimoja kinaweza kupotosha.

Kama si bakteria mmoja, basi wanaumizaje?

Hapa ndipo utafiti umepiga hatua kubwa zaidi, kwa sababu swali limebadilika kutoka bakteria gani wapo hadi wanatengeneza nini.

Njia ya kwanza ni ya kinga ya mwili. Mwaka 2021, kundi la Guy Boeckxstaens katika Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji liliwaambukiza panya ugonjwa wa utumbo huku likiwalisha protini ya yai. Panya walipopona, kila walipolishwa protini ileile utumbo wao ulipata maumivu, kwa kuwa kinga ilikuwa imejifunza kimakosa kukichukulia chakula kile kama sehemu ya uvamizi. Kisha watafiti walidunga kiasi kidogo cha ngano, gluteni (protini ya ngano), soya na maziwa katika ukuta wa utumbo wa watu. Wote 12 waliokuwa na IBS walipata uvimbe wa mzio kwa angalau kimojawapo, wakati kati ya watu 8 wenye afya walioupata ni wawili tu. Mzio huo ulikuwa wa mahali hapo tu, hivyo kipimo cha damu kisingeuonyesha. Idadi hiyo ni ndogo, lakini kwa mgonjwa aliyeambiwa miaka yote kwamba anajidai tu kuchagua chakula, hiyo ni habari kubwa.

Njia ya pili ni ya kemikali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha mwaka 2022 kwamba bakteria aitwaye Klebsiella aerogenes, aliyepatikana kwa baadhi ya wagonjwa, hutengeneza histamini, kemikali ya mzio, kwa wingi, nayo huziita seli za mzio zije karibu na neva za utumbo na kuzifanya ziwe nyepesi kuuma. Chakula chenye wanga unaochachuka haraka kiliongeza histamini hiyo, na huenda ndiyo sababu moja ya baadhi ya watu kupata nafuu wanapobadilisha mlo.

Kuna pia serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, ambayo zaidi ya asilimia 90 yake mwilini hutengenezwa katika utumbo, ambako inaongoza mwendo wa chakula. Baadhi ya bakteria huchochea utengenezaji wake. Kuna chumvi za nyongo ambazo zikifika utumbo mpana kwa wingi huleta kuhara. Na kuna viumbe wadogo wa kundi tofauti na bakteria, hasa Methanobrevibacter smithii, wanaotengeneza gesi ya methani, gesi inayohusishwa na choo kigumu na mwendo wa polepole.

Tafiti hizi zimefanyiwa Wazungu. Zinatuhusu vipi Afrika Mashariki?

Swali hili ni la haki, na linastahili kuulizwa kwa sauti kubwa zaidi. Tafiti nyingi nilizozitaja zilifanyika Ulaya, Kanada na Marekani. Kinachojulikana kuhusu matumbo ya Afrika Mashariki kinatosha kuonyesha kwamba picha ya Ulaya haiwezi kuwa kipimo cha kila mtu. Mwaka 2014, watafiti walilinganisha Wahadza 27, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, na Waitalia. Wahadza walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria, na hawakuwa kabisa na bifidobakteria, kundi lilelile ambalo upungufu wake Ulaya huhesabiwa kuwa dalili mbaya. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulionyesha kwamba bakteria wa Wahadza hubadilika kwa majira: baadhi hufifia wakati wa masika, msimu wa asali na matunda ya porini, kisha hurejea kiangazi.

Kazi mbili zilizochapishwa mwaka 2025 zimeongeza mwanga. Moja ilichunguza bakteria wa wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Nyingine ilifanyika Kilimanjaro, ambako wanaume walibadilishana mlo wa asili wa vijijini na mlo wa kisasa wa mjini kwa wiki mbili: mlo wa kisasa uliongeza viashiria vya uvimbe katika damu, na mlo wa asili, hata mbege (pombe ya ndizi) kwa wiki moja, ulivipunguza. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyochunguza IBS, kwa hiyo zisitumike kudai kwamba mbege au chakula cha kijijini kinatibu ugonjwa huu. Zinachofanya ni kuweka msingi ambao watafiti wetu wanaweza kujenga juu yake.

Je, nilipie kipimo cha bakteria wa kinyesi?

Kwa sasa, hapana. Jopo la wataalamu wa kimataifa lilitoa mwongozo kuhusu vipimo hivi na halikushauri mgonjwa ajiagizie mwenyewe, kwa kuwa hakuna kiwango kilichokubalika cha bakteria wazuri na hakuna tiba inayochaguliwa kwa uhakika kutokana na matokeo. Fedha hizo ni bora zilipie picha kamili ya damu, kipimo cha kinyesi cha kutafuta minyoo na vimelea, na kipimo cha ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhuriwa na gluteni) mahali kinapopatikana.

Vidonge vya probayotiki au mtindi vinasaidia?

Mabingwa wenyewe hawakubaliani. Chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha Uingereza kilisema mwaka 2021 kwamba probayotiki, yaani bakteria hai wanaomezwa ili kufaa utumbo, kwa ujumla zinaweza kusaidia, na kwamba mgonjwa anaweza kuzijaribu kwa hadi wiki 12 kisha aache asipoona nafuu. Mwaka huohuo chama cha Marekani kilishauri zisitumike. Tofauti hiyo inatokana na tafiti ndogo zilizotumia aina tofauti za bakteria kwa dozi tofauti, na jina la aina moja halithibitishi aina nyingine hata kama zote zinaitwa laktobasili.

Mtindi, maziwa lala na togwa ni vyakula vizuri, na mtindi una laktosi (sukari ya maziwa) pungufu kuliko maziwa mabichi, jambo linalomfaa ambaye tumbo lake halivumilii maziwa. (Jamii nyingi za wafugaji wa Tanzania na Kenya huvumilia maziwa ukubwani kwa sababu ya badiliko lao la jeni, tofauti na la Wazungu, lililotambuliwa mwaka 2007.) Lakini hakuna mtindi uliothibitishwa kuwa dawa ya IBS.

Je, antibayotiki zinaweza kuua bakteria wabaya nikapona?

Ipo antibayotiki moja iliyothibitishwa kwa IBS ya kuharisha, nayo ni rifaksimini, ambayo karibu yote hubaki ndani ya utumbo bila kuingia katika damu. Katika majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2011, asilimia 40.7 ya walioitumia kwa wiki mbili walipata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 31.7 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Nafuu ni ya kweli lakini ni ya wastani, na kwa wengi dalili hurudi baada ya wiki kadhaa.

Hilo lisichanganywe na mazoea ya kununua metronidazo dukani kila tumbo linaposokota. Antibayotiki zisizo na sababu zinaharibu bakteria unaowahitaji, zinajenga usugu wa dawa, na kama ilivyoonekana hapo juu, matumizi ya antibayotiki wakati wa kuhara yanahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kupata IBS yenyewe.

Mlo wa FODMAP ni nini, na unawezekana kwa chakula chetu?

FODMAP ni jina la kundi la sukari na wanga mfupi ambao haufyonzwi vizuri katika utumbo mwembamba. Ukifika utumbo mpana huvuta maji na huchachushwa na bakteria, gesi hujaa, na utumbo wenye hisia kali huuma. Mlo wa kupunguza vitu hivyo ulibuniwa na Peter Gibson, Sue Shepherd na wenzao katika Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, nao ndio mlo wenye ushahidi mwingi zaidi katika IBS. Utafiti wa Gothenburg, Sweden, uliochapishwa mwaka 2024 na kuhusisha wagonjwa 294, ulionyesha kwamba baada ya wiki nne asilimia 76 ya waliofuata mlo huu pamoja na ushauri wa kawaida wa ulaji walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 58 ya waliotibiwa kwa dawa.

Chakula chetu kina bahati yake. Ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo, ndizi mbichi, samaki, nyama, mayai, karoti na nyanya havina tatizo. Shida iko kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo ni msingi wa karibu kila mchuzi, halafu maharage, chapati na mandazi ya ngano, maziwa mabichi, maembe na tikiti maji. Ladha ya kitunguu saumu inaweza kupatikana kwa kukikaanga kizima katika mafuta kisha kukitoa, kwa sababu sukari zake haziyeyuki katika mafuta, na majani mabichi ya kitunguu yanaweza kuchukua nafasi ya kitunguu chenyewe. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumwagwa maji hupoteza sehemu ya sukari hizo.

Mlo huu si wa maisha. Hatua ya kukata vyakula huchukua wiki nne hadi sita, kisha unarudisha kundi moja baada ya jingine ili kujua ni kipi hasa kinakuumiza. Anayebaki katika hatua ya kwanza kwa miezi anajinyima lishe, na tena anawapunguza bifidobakteria wake, jambo lililoonekana katika tafiti kadhaa. Asianze peke yake mjamzito, mtoto, mtu aliyekonda au mwenye historia ya kujinyima chakula. Msaada wa mtaalamu wa lishe ni muhimu.

Nimesikia kuhusu kupandikiza kinyesi. Je, kinatibu?

Ni kuweka kinyesi cha mtu mwenye afya katika utumbo wa mgonjwa, na matokeo yake yanapingana. Nchini Norway, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ukiwa na wagonjwa 165 ulitumia kinyesi cha mchangiaji mmoja aliyechaguliwa kwa makini, na walionufaika walikuwa asilimia 76.9 kwa dozi ndogo na 89.1 kwa dozi kubwa, dhidi ya 23.6 kwa waliopewa kinyesi chao wenyewe. Lakini utafiti wa Denmark wa mwaka 2018, uliotumia vidonge kwa wagonjwa 52, ulikuta kwamba waliopewa vidonge visivyo na kitu ndio waliopata nafuu zaidi. Huenda mchangiaji, dozi na njia ya kupandikiza ndivyo vinavyoamua, na hilo bado linachunguzwa. Usijaribu nyumbani kwa hali yoyote: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mgonjwa kufa kwa bakteria sugu waliotoka kwa mchangiaji.

Ni dalili zipi zinaonyesha kwamba huenda si IBS?

Damu katika choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakokuamsha usiku, uvimbe tumboni, dalili zilizoanza baada ya umri wa miaka 45 hivi, au ndugu wa karibu aliyeugua saratani ya utumbo. Ukiwa na mojawapo, nenda hospitali bila kuchelewa. Katika mazingira yetu daktari atafikiria pia kichocho, kifua kikuu cha tumbo na maambukizi yanayoambatana na VVU.

Utafiti unaelekea wapi?

Unaelekea kuwagawa wagonjwa kwa kazi ya bakteria wao badala ya kuwagawa kwa umbo la choo pekee. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uligawa wagonjwa katika makundi mawili kwa bakteria zao, na kundi lililokuwa na bakteria wasio wa kawaida lilinufaika zaidi na mlo wa FODMAP, huku bakteria wao wakianza kufanana na wa watu wenye afya. Matokeo hayo yakithibitishwa kwa watu wengi zaidi, siku moja daktari ataweza kumwambia mgonjwa kabla ya kuanza kama mlo huo utamfaa, na kumwokoa na wiki sita za kujinyima bure.

Nikienda kliniki, niandae nini?

Andika kwa wiki mbili ulichokula, saa ya maumivu, na choo kilikuwaje. Kisha andika mambo mawili ambayo wagonjwa wengi husahau na ambayo utafiti umeonyesha kuwa na uzito: kama dalili zilianza baada ya kuharisha vibaya, hata kama ni miaka iliyopita, na antibayotiki zote unazokumbuka kuzitumia tangu wakati huo, zikiwemo ulizonunua dukani bila cheti.